Msingi Unaopita Nyuma ya Nyumba Yangu

Mgeni anayetoka Bara huchanganywa na maneno mawili ya Unguja kabla hajamaliza wiki. Mfereji, kwetu, ni ule wa chuma unaofunguliwa maji yakatoka. Na kile ambacho yeye amezoea kukiita mfereji au mtaro, njia ya kupitishia maji machafu, wengi wetu twakiita msingi. Baba yangu, aliyevuka bahari kutoka upande wa Muheza kuja kufanya kazi bandarini, alisimulia mpaka uzeeni siku aliyotumwa kuteka maji mferejini, akasimama na ndoo ukingoni mwa mtaro huku akijiuliza watu wa nyumba hii wanakunywa nini. Mimi nilizaliwa hapa, kwa hiyo neno hilo halikunipa taabu utotoni. Lilianza kunitaabisha nilipokuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa hesabu na mzee wa kanisa, nilipotambua kwamba ile zaburi inayouliza, "Kama misingi ikiharibika, mwenye haki atafanya nini?", ilikuwa ikiniuliza habari ya kitu kilichopita nyuma ya jiko langu.

Nyumba yetu iko Ng'ambo, upande wa Jang'ombe, kwenye uchochoro usiopitika kwa gari ila la punda. Jina la Ng'ambo linaeleza lenyewe: zamani mkono wa bahari uliingia nyuma ya Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe wakawa upande mmoja na watu wa nyumba za udongo na makuti wakawa upande wa pili, na daraja lililokuwa baina yao ndilo lililoacha jina la Darajani pale sokoni. Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, barabara ikapita juu yake, lakini maji ya mvua hayakuarifiwa. Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, huteremka yakitafuta njia yao ya zamani, na yakikuta pamejengwa huingia ndani bila ya hodi. Msingi wa mtaa wetu ulijengwa ili kuyaelekeza. Una upana wa hatua moja ya mtu mzima, na una vifuniko vya zege mahali ambapo vifuniko havijavunjika, yaani mahali pachache.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na walio wengi mno kati yao ni Waislamu. Mkristo wa hapa huzoea tangu skuli kuulizwa kwao ni wapi, hata kama kitovu chake kimezikwa chini ya mwembe wa Jang'ombe. Swali lenyewe mara nyingi halina ubaya, watu wa visiwani hupenda kujua nasaba ya mtu kabla ya kumkaribisha kahawa, lakini ukiulizwa miaka hamsini mfululizo unafika mahali ukaliamini. Nadhani ndiyo sababu barua ya nabii Yeremia kwa mateka wa Babeli ilinigusa kuliko maandiko mengine: "Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa Bwana, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Niliwahi kuihubiri mara tatu nilipopewa zamu. Kila mara nilisisitiza neno mateka. Nilijiona mgeni mwenye adabu ambaye hulipa kodi ya kukaa kwake kwa sala, na mgeni mwenye adabu, kama tujuavyo, hagusi mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Haikunipitikia kwamba kabla ya kufika mstari ule, barua hiyohiyo inawaambia mateka wajenge nyumba na kupanda bustani, na mtu aliyejenga nyumba huwa amekwisha kuanza kumwaga maji machafu mahali fulani.

Kila nilipofikiwa na zamu ya kuongoza maombi kanisani kwetu, pale Mkunazini, niliuombea mji. Niliwaombea viongozi, wagonjwa, wavuvi walioko baharini na vijana wasio na kazi. Wanasema nina sauti nzuri ya kusomea.

Mwaka 2014 kamati yetu ya huduma za jamii, ambayo mimi nilikuwa mwenyekiti wake, iliamua kwamba maombi peke yake hayatoshi. Tulichapisha fulana nyeupe zenye andiko mgongoni, tukatengeneza bango, tukawapanga vijana wapatao arubaini, na Jumamosi moja asubuhi tukaingia mtaani kwangu kusafisha msingi. Nilichagua mtaa wangu kwa sababu niliujua, au nilidhani naujua. Tuliomba ruhusa kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, naye akatupa kwa upole. Tulifanya kazi saa mbili na zaidi, tukiimba, na kijana mmoja akipiga picha. Takataka tulizozitoa tulizirundika kandokando, kwa kuwa kila mmoja wetu alidhani mwenzake amezungumza na mwenye gari. Hakuna jirani aliyeshika chepe. Walitutazama kutoka barazani kwa heshima ileile wanayowapa watalii. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, alituletea jagi la maji ya ndimu, akawangoja vijana wote wanywe, kisha akaniuliza, "Ahsanteni wanangu. Mtarudi lini?"

Nikalichukua kuwa ni pongezi, nikamjibu kwamba Mungu akipenda tutarudi mwakani. Usiku wa Jumapili ilinyesha mvua moja ya haja, na rundo lote likarudi msingini kwa mpangilio bora kuliko tulivyolikuta.

Ni lazima nimweleze Bi Mkubwa kwa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 2012 makanisa kadhaa ya Unguja yalichomwa moto, na Februari 2013 padri mmoja wa Kikatoliki aliuawa kwa risasi asubuhi ya Jumapili alipokuwa akifika kuongoza misa. Kabla ya hapo, mwezi Novemba 2012, sheikh mmoja alikuwa amemwagiwa tindikali, jambo ambalo sisi Wakristo tunaposimulia habari za miaka ile huwa na wepesi wa kulisahau. Siku zile mtaani kwetu ulivuma uvumi wa kila namna, na mke wangu aliwalaza watoto chumba cha ndani. Bi Mkubwa hakuja kutufariji. Alikuja na mkeka na ungo wa mchele, akaketi kwenye baraza la nyumba yangu na si la nyumba yake, pale ambapo kila apitaye ni lazima amwone na kumwamkia, akachagua mchele tangu alasiri hadi magharibi, akaenda kusali, akarudi akaendelea kwa taa. Alifanya hivyo siku nne. Sijawahi kula mchele uliochaguliwa vizuri namna ile. Baada ya siku nne alikunja mkeka wake akaenda zake, na tangu hapo hakutaja habari hiyo hata kwa mzaha, ingawa ni mtu wa mzaha na ulimi wake unajulikana mpaka Mpendae.

Kisha kikaja kipindupindu. Ugonjwa huu si mgeni Unguja. Mwaka 1869 na 1870 ulipita hapa ukaua watu kwa maelfu, ukarejea katika zama zetu mwaka 1978, na mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo yake ya kunywa. Lakini mripuko ulioanza mwaka 2015 ulikuwa mrefu, na masika ya 2016 ulizidi hadi skuli zikafungwa na uuzaji wa vyakula na vinywaji vya kandokando ya njia ukapigwa marufuku. Nilikaa nyumbani, mwalimu asiye na wanafunzi, nikichemsha maji na kugawa vidonge vya klorini tulivyoletewa. Wiki ya pili mjukuu wa Bi Mkubwa, mtoto wa miaka sita ambaye alikuwa akija kwangu kufanya hesabu za kujumlisha kwa vifuniko vya soda, alianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Tulimbeba mimi na mjomba wake mpaka kambi ya wagonjwa wa kipindupindu. Alikuwa mwepesi. Alipewa maji ya chumvi na sukari, kisha ya mshipani, na siku ya tatu akaomba embe. Nashukuru kuandika kwamba ni kijana sasa, na hesabu bado zinamsumbua.

Siku mtoto yule alipotoka kambini, sheha na bwana afya walipita nyumba kwa nyumba. Bwana afya alikuwa kijana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, na mfukoni alikuwa na paketi za buluu, ile ya kufulia mashati meupe. Alifika kwangu akaomba ndoo mbili za maji, akayeyusha buluu ndani ya ndoo moja, akaimimina chooni, akafuatisha ndoo ya pili. Nilimwambia, kwa fahari kidogo, kwamba karo langu, yaani shimo la maji ya choo, halijapata kufurika tangu nilipoongeza vyumba vya uwani mwaka 2005, na kwamba kwa miaka kumi na moja sijaita gari la kunyonya hata mara moja. Nilikuwa nimezoea kuwaeleza jamaa zangu habari hiyo na kuihitimisha kwa kumshukuru Mungu. Bwana afya hakunijibu. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya jiko, akachuchumaa kwenye msingi mahali ambapo kifuniko kimemeguka pembe, na mimi nikachuchumaa karibu naye kwa sababu sikujua la kufanya.

Chini ya ule ufa, katikati ya utando wa kijani, palikuwa na mdomo wa bomba la plastiki la inchi nne. Sikuwahi kuliona. Lilikuwa likichuruzika maji ya kijivu, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Tulikaa pale labda dakika sita au saba. Halafu ukapita uzi mwembamba wa rangi ya samawati, ukapotea, ukarudi ukiwa mnene zaidi, na baada ya muda msingi wote kutoka jikoni kwangu hadi kona ya nyumba ya Bi Mkubwa ukawa na rangi ya shati la skuli lililofuliwa na mtu asiyejua kipimo.

Bwana afya aliandika kitu kwenye daftari lake. Alisema bila ya ukali kwamba fundi wangu alikuwa ametoboa karo kwa juu na kuweka bomba la kupunguzia, na kwamba mimi si wa kwanza. Nilimuuliza kama mtoto wa jirani ameugua kwa maji yangu. Alisema hilo hakuna awezaye kulijua, maji ya msingi ule yanatoka nyumba nyingi na mtoto hucheza mahali pengi. Sikutafuta faraja katika jibu lake. Nilikumbuka vizuri nilivyomwambia fundi yule mwaka 2005: fanya uonavyo, mradi tu lisifurike. Nilimlipa, nikampa na chai. Sikuuliza maji yatakwenda wapi.

Jioni nilikwenda kwa Bi Mkubwa. Alikuwa amekaa mlangoni na yule mtoto amemlaza mapajani.

"Bi Mkubwa, ulikuwa ukijua habari ya lile bomba?"

"Najua tangu siku fundi anatoboa. Nilikuwa uwani naanua nguo."

"Mbona hukunambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua, mwanangu."

Sikuwa na la kusema. Akaongeza, kama anayenitafutia pa kutokea, kwamba mtu mzima mwenye nyumba yake hawezi kuambiwa na jirani choo chake kinaelekea wapi. Ni aibu, na aibu ya jirani husitiriwa. Basi kwa miaka kumi na moja mama huyu alikuwa amenisitiri kwa wema na huku akinihesabu kuwa mtu anayemwaga uchafu kwenye msingi wa watu kwa kujua kwake. Siku ile alipotandika mkeka barazani kwangu kunilinda, alikuwa akimlinda mtu wa namna hiyo. Na siku ile nilipovaa fulana yenye andiko mgongoni nikamsafishia mtaa, alikuwa anajua kila kitu alipouliza tutarudi lini.

Kuliziba bomba kulichukua nusu saa na kilo tatu za saruji. Kazi ilikuwa karo. Ardhi ya Unguja sehemu nyingi ni mawe ya matumbawe, yenye matundu kama mkate wa kumimina, na maji hupenya ndani yake haraka bila ya kuchujika; ndiyo maana watu wa afya hutaka karo la kuzamisha maji liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Mita 30 kutoka chooni kwangu ni sebuleni kwa jirani wa tatu. Kisima cha karibu kilikuwa hatua kumi na nane, nilizipima mwenyewe. Kwa hiyo ilinibidi nijenge karo lisilovuja, la matofali yaliyopigwa lipu ndani mpaka chini, ambalo ni lazima linyonywe kila linapojaa. Lilinigharimu zaidi ya shilingi laki tisa, nusu yake mkopo wa ushirika wa walimu, na tangu hapo gharama ya gari la kunyonya imo katika hesabu ya nyumba pamoja na umeme na mchele. Zamani sikuwa na gharama hiyo kwa sababu waliokuwa wakiilipa ni wengine.

Kwenye kamati yetu palikuwa na ajenda ya fulana mpya. Niliwaeleza habari ya buluu kabla hatujafika hapo. Walinyamaza muda mrefu kiasi kwamba niliisikia saa ya ukutani, kisha mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye hajui la kwake linakwenda wapi. Akafuata mwingine. Mkutano uliopangiwa nusu saa uliendelea mpaka taa zikawashwa, na nafikiri ulikuwa mkutano wa kwanza wa kamati ile kuzungumza juu ya mji wenyewe. Siku zote kabla ya hapo tulikuwa tukizungumza juu yetu.

Jambo la pili lililonifedhehesha nililigundua nilipomwendea maalim wa chuo cha Kurani cha mtaani kumuuliza kama patawezekana kuunda kikundi cha kusafisha msingi. Akaniambia kikundi kipo. Kipo tangu enzi za baba yake. Hukutana mara kadhaa kabla ya masika na kabla ya vuli, siku ya Jumapili baada ya sala ya alfajiri, kwa kuwa Jumapili watu hawaendi kazini. Na mimi nilikuwa nimewaona! Miaka yote nilikuwa nikiwapita Jumapili asubuhi, nimevaa suti na Biblia kwapani, nikawaamkia, nao wakainua machepe yao kuniitikia, nikaenda zangu Mkunazini kuuombea mji. "Hatukutaka kukubughudhi, Mwalimu," alisema maalim, "ndiyo siku yako ya ibada."

Nilimuomba anipokee. Tukakubaliana nifike saa kumi na mbili na nusu na niondoke saa mbili kasoro, nipate kuoga na kuwahi ibada ya pili. Mke wangu anadai kwamba kuoga kwangu hakukutosha na kwa mwaka wa kwanza alihakikisha tunakaa mwisho wa benchi, karibu na dirisha.

Kwa maalim yule nilijifunza kazi upya. Msingi husafishwa kuanzia chini, kule maji yanakotokea, kisha ndipo unapanda juu, maana ukianza juu unausukuma uchafu ukakabe chini na mvua inayofuata itaurudisha. Sisi wa fulana tulikuwa tumeanzia juu, kwa sababu juu ni karibu na barabara na picha hutoka vizuri. Gari la punda huitwa kabla ya chepe kushikwa. Tope halilazwi kando hata usiku mmoja. Makumbi na vifuu huwekwa mbali na plastiki, kwa kuwa yupo atakayevichukua kwa kuni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu muongo wa kwanza wa karne hii na kweli imepungua, lakini chupa za maji na pampasi za watoto zimechukua nafasi yake. Pampasi iliyokaa msingini wiki mbili hulewa maji ikawa nzito kama jiwe la kusagia, na kijana anayeinyanyua bila ya kuapa hadharani amelelewa vyema.

Jambo ambalo sikutegemea ni jinsi nilivyoanza kukisoma kitabu cha Nehemia. Sura ya tatu, ambayo wasomaji wengi huiruka kwa kuwa ni majina matupu, inaeleza nani alijenga kipande kipi cha ukuta wa Yerusalemu, na inarudia mara kwa mara kwamba mtu alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe, makuhani nao wakiwamo. Imo pia aibu ya wakuu wa Tekoa, ambao hawakukubali kutia shingo zao kazini, nao wakaandikwa hivyo milele. Nimefundisha sura hiyo kwenye darasa la watu wazima la kanisani kwa miezi miwili. Kila mmoja alichora nyumba yake na mahali maji yake yanapoelekea, pamoja na majina ya majirani walio chini yake. Mzee mmoja, mstaafu aliyewahi kuwa na cheo, alikataa kuchora, akasema hayo ni mambo ya manispaa. Ana haki kwa sehemu, manispaa ina wajibu wake na inafaa ikumbushwe. Ila sisi tulikuwa hatuwezi kuikumbusha kwa sauti kubwa huku mabomba yetu yakichuruzika.

Kanisa la Mkunazini nalo limebadilika machoni pangu. Limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alikubali kulifunga Juni 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia na aliyefika Unguja mara ya kwanza mwaka 1864 akajifunza lugha na kukusanya hadithi za watu wa hapa, amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare pana duara la marumaru linaloonesha mahali ambapo inasimuliwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Nimewatembeza wageni wengi pale. Husimama, hunyamaza, wengine hulia, nami nilikuwa nikifurahi kwamba dhambi ile ilikwisha na kanisa likawekwa juu yake. Siku hizi huwaambia wageni mwaka mwingine: 1897. Ndipo hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja, miaka 24 baada ya soko kufungwa. Kwa miaka hiyo kengele ililia na mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa, na karafuu zikapita bandarini, na sina shaka kwamba wapo waliomwimbia Mungu ndani ya jengo lile bila ya kuuliza zinatoka wapi.

Krismasi ya 2020 ilituangukia, na sisemi kwa fumbo. Siku hiyo sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba ambalo Barghash huyohuyo alilijenga mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Nilikwenda kuangalia kama kila mtu. Mafundi wazee waliokuwa wamesimama Forodhani walizungumza habari moja tu, ya maji: namna kuta za matumbawe na chokaa zinavyoweza kukaa miaka mia na zaidi maadamu paa ni zima, na namna maji yakipata pa kuingilia boriti za mikoko zinavyooza ndani ya ukuta, mahali ambapo macho hayafiki. Nilisimama nao nikiwa na nguo za ibada, nikasikiliza mpaka jua likachwa.

Bi Mkubwa bado yuko, macho yamempungua, ulimi haujapungua. Kila Ramadhani mke wangu hupokea kwake bakuli la futari, na kila Krismasi tunampelekea pilau, nyama tumenunua Darajani iliyochinjwa na wachinjaji wale wale wanaomuuzia yeye. Kamati yetu haina fulana. Tuna machepe kumi na mbili, tumeyaweka chuoni kwa maalim, ambako ndiko yanakotakiwa.

Mwezi uliopita alihamia mtaani kijana wa kanisani kwetu, na wiki ya pili akaleta fundi kuongeza choo. Nilikuwa uwani, naanua nguo, nikaona tundu linatobolewa kwenye ukuta wa karo na bomba la inchi nne limeegemezwa pembeni likisubiri. Nilikumbuka stara ya Bi Mkubwa na nikakumbuka mjukuu wake, nikazunguka mle uwani mara mbili nikiwa na shati la skuli mkononi. Mwishowe nilikwenda nikapiga hodi, nikamwomba aje kwangu mara moja kabla fundi hajaendelea. Nilimpeleka nyuma ya jiko, nikainua kipande cha kifuniko, nikamwonesha kile kiraka cha saruji chenye rangi tofauti na matofali mengine, nikamsimulia habari ya buluu tangu mwanzo, na ya miaka kumi na moja. Alichuchumaa akakitazama. Baada ya muda aliniuliza karo langu lilinigharimu kiasi gani, na kama fundi aliyelijenga bado anapatikana.